Istilahi za Programu Huria: Uhakiki wa Maneno ya Kazi ya Pamoja katika Kompyuta

Mwezi wa Desemba 2001, katika mkutano wa watunzaji wa mitambo ya kompyuta uliofanyika San Diego, Marekani, Matt Holgate na Will Partain walitoa makala kuhusu mradi walioupa jina la Arusha. Mradi wenyewe haukuhusu utalii, wala kahawa, wala Azimio. Ulihusu jambo la kawaida kabisa kwa watu wa kazi hiyo. Kila taasisi yenye kompyuta nyingi zinazotumia mfumo wa Unix huwa na mtu anayeandika programu ndogondogo za kuzitunza. Naye huandika peke yake yale yale ambayo mwenzake wa taasisi ya jirani alikwisha kuyaandika. Waandishi hao walipendekeza kwamba programu hizo za kutegemeza mfumo ziandikwe kwa pamoja, kila taasisi irithi kazi ya wenzake, na ibadili pale tu ambapo mahitaji yake yanatofautiana na ya wengine.

Jina la mji wa Arusha, basi, limo katika maandishi ya kompyuta kwa zaidi ya miaka 20. Lakini mwalimu wa Chuo cha Ufundi Arusha akitaka kuwaeleza wanafunzi wake habari za mradi huo kwa Kiswahili, huenda akakwama kabla ya kumaliza sentensi ya pili. Hatakwama kwa kukosa maneno. Maneno yapo, tena mengi. Ila mengine yanapigana yenyewe kwa yenyewe, na mengine yaliundwa bila ya mwundaji kuitazama kazi inayotajwa. Makala haya yanakusudia kuyapima baadhi ya maneno hayo, si kwa kuangalia sauti na umbo tu, bali kwa kuuliza kama mtu atakayeyasoma ataelewa haki yake na wajibu wake.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi maneno haya yalivyotufikia. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kiini cha Linux mwaka 1991. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao kutoka Sweden, waliendesha mradi wa Kilinux na kutoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zinazozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Mwaka huo huo ulitoka mfumo uitwao Ubuntu, jina la lugha za Kinguni ambalo Mswahili halihitaji kulitafutia kamusi, kwa kuwa lina shina moja na neno lake la utu. Kampuni ya Microsoft nayo ilikuwa ikitafsiri programu zake. Kazi ya Kilinux inastahili sifa kwa sababu ilithibitisha kwa vitendo kwamba mtumishi wa ofisi anaweza kuandika barua, kuihifadhi na kuichapa bila ya kusoma neno la kigeni kwenye kioo. Hata hivyo kazi hiyo ilihusu hasa maneno ya mtumiaji. Maneno ya mwundaji, yaani ya yule anayefungua programu na kuitengeneza pamoja na wenzake, hayakupata bahati hiyo.

Tuanze na neno kuu, huria. Limezoeleka kwetu kwa njia mbili: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, na soko huria. Katika matumizi yote mawili maana yake ni kuondolewa kwa vizuizi: huko masharti ya kawaida ya kuhudhuria darasani, huku mkono wa serikali katika biashara. Mtu akisikia programu huria ataelewa kuwa ni programu isiyo na masharti. Hapo ndipo ilipo hatari. Leseni ya GNU, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989 na ambayo Torvalds aliichukua kwa ajili ya Linux mwaka 1992, humpa mtu uhuru wa kuitumia programu kwa kusudi lolote, kuichunguza na kuibadili, kugawa nakala zake, na kugawa ile aliyoibadili. Lakini pia humfunga: anayeigawa sharti awape wapokeaji maandishi yake ya asili, na kwa masharti yale yale aliyopewa yeye.

Sasa tumfikirie ofisa ugavi wa halmashauri anayenunua mfumo wa kutunza kumbukumbu uliojengwa juu ya programu ya namna hiyo. Mkataba unasema programu huria. Anapelekewa mfumo uliokwisha kufungwa, bila ya maandishi yake ya asili. Baada ya miaka miwili mfumo unaharibika, na muuzaji peke yake ndiye anayeweza kuutengeneza, kwa bei aipendayo. Ofisa huyo hakujua kwamba alikuwa na haki ya kudai maandishi hayo tangu siku ya kwanza. Neno alilolisoma halikumdokezea kwamba kuna lolote la kudai.

Waingereza wenyewe wana taabu hapa, kwani lugha yao ina neno moja kwa huru na kwa bure, hata Stallman amelazimika kueleza mara nyingi kwamba anazungumzia uhuru wa kusema wala si bia ya kugawiwa. Kiswahili hakina taabu hiyo. Huru ni huru, bure ni bure. Ni ajabu kwamba tulikuwa na neno lililo wazi kuliko la Kiingereza, tukaliruka na kuchukua lililo karibu nalo! Kwa maoni yetu, programu huru ndilo jina la kile alichokusudia Stallman. Huria libaki kwa lile jina jingine la Kiingereza lililoanza kuenea mwaka 1998, ambalo msisitizo wake ni namna ya kufanya kazi kuliko haki ya mtumiaji.

Kuhusu chanzo huria, tafsiri hiyo ni ya neno kwa neno na haina la kutetewa. Kwa mkazi wa miteremko ya Mlima Meru chanzo ni mahali maji yanapotokea, na chanzo kilicho huria ni kile ambacho kila mwenye ng'ombe anaingiza mifugo yake. Hicho si kitu cha kusifiwa.

Jambo zito zaidi ni jina la yale maandishi yenyewe. Wengine wamejaribu kutohoa na kusema kodi, wakasahau kwamba neno hilo lina mwenyewe: Mamlaka ya Mapato. Hebu msomaji ajaribu kufasiri tangazo la kuwataka wananchi washiriki kuandika kodi, aone litakavyopokelewa sokoni Kilombero. Wengi zaidi hutumia msimbo. Neno hili halina kosa la sarufi, na limeshika mizizi. Ila limekaa karibu mno na kusimba na usimbaji fiche, yaani kuandika kwa namna ya kuficha, na kusimbua, yaani kufichua. Basi tunaposema msimbo wazi tunasema siri iliyo wazi. Ukweli wa mambo ni kinyume chake: maandishi ya asili ya programu ndiyo sehemu ambayo binadamu anaweza kuisoma, na kinachofichika ni kile kinachotoka baada ya mashine kuyageuza.

Wafasiri watashangaa kuona kwamba neno lifaalo wanalo wao siku zote. Katika taaluma yao kuna matini chanzi na matini lengwa. Mwandishi wa programu huandika matini kwa lugha ambayo mwenzake anaielewa. Programu maalumu huifasiri matini hiyo hadi kuwa tarakimu zinazoeleweka na mashine. Hiyo ni tafsiri kamili, yenye lugha mbili na mwelekeo mmoja. Matini chanzi ya programu, kwa hiyo, si istiara. Ni jina la kitu chenyewe. Anayependa msimbo na autumie kwa yale yanayotoka upande wa pili.

Maneno ya sehemu za mfumo hayatatuchelewesha. Mfumo endeshi limekubalika, na sababu ya kulisumbua haipo. Kati ya kokwa na kiini, kiini ndilo bora, maana kokwa ni lile linalotupwa baada ya embe kuliwa. Kiendeshi kinaleta ugomvi kwa sababu kimebebeshwa mizigo miwili, kifaa kinachohifadhi data na programu inayokiunganisha kifaa na kiini, hata unaweza kupata sentensi isemayo kwamba kiendeshi cha kiendeshi hakijapatikana. Mafundi wa mitaani husema draiva kwa ile programu, na tunaona waachiwe. Neno hilo hilo la Kiingereza liliwahi kuingia zamani likawa dereva, mtu wa gari; limerudi mara ya pili kwa sura nyingine na kazi nyingine, na hakuna anayeyachanganya.

Kiraka ni neno zuri kabisa, lakini tegemezi limetumiwa vibaya. Programu moja huhitaji nyingine ili ifanye kazi, na mfasiri anaposhawishika kuziita hizo zinazohitajiwa vitegemezi, anaugeuza uhusiano kichwa chini. Kila mwalimu wa sarufi amefundisha kishazi tegemezi: ni kile kinachoegemea, si kile kinachoegemewa. Mtumiaji akiambiwa kuwa vitegemezi havipo, ataelewa kwamba kilichokosekana ni wale wanaokaa juu ya mgongo wa programu yake, wakati kilichokosekana ni mgongo. Neno tegemeo, kwa wingi mategemeo, linasema sawasawa. Tena tangu mwaka 1967 utegemezi umekuwa na harufu ya lawama katika siasa yetu, na si haki kuitia doa programu ambayo haina kosa ila kutumia kazi ya mwenziwe.

Tumefika kwenye ushirikiano wenyewe. Imependekezwa katika mazungumzo kwamba kazi ya namna hii iitwe msaragambo, neno linalojulikana sana katika mikoa ya kaskazini, au ufananishwe mfereji wa jadi wa Wameru na Waarusha, ambao mfereji mkuu ni wa wote na kila kaya hujichimbia njia ya kufika shambani kwake. Mfano wa mfereji ni mzuri kuliko wengi wanavyodhani, na unaufaa hasa mradi ule wa mwaka 2001. Lakini unavunjika mahali pamoja. Maji niliyochukua mimi wewe huyapati, ndiyo maana kuna zamu. Programu niliyonakili mimi haipungui kwako. Nao msaragambo ni wajibu, asiyefika huulizwa. Ilhali anayepeleka kiraka kwa mtunzaji wa sehemu fulani ya Linux hakutumwa na mtu, na mtunzaji anaweza kukikataa. Ujima umekwisha kuchukuliwa na vitabu vya historia. Tunaona ushirikiano unatosha. Si kila kazi mpya inadai jina jipya.

Penye haja kweli ni pale washiriki wanapoachana, kila kundi likaondoka na nakala ya matini na kuiendeleza kivyake. Mchepuko usingekuwa mbaya, kama vijana wasingalikwisha kuupa maana ya mpenzi wa nje ya ndoa. Mwalimu akilitamka darasani, somo limekwisha. Mchepuo, lenye shina lile lile, linatumika shuleni bila ya aibu, kama katika mchepuo wa sayansi, na linafaa.

Mambo haya hayawezi kuachwa yajitengeneze yenyewe. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini, na leseni na mikataba ya programu itasomwa na mahakimu. Leseni ya GNU ina matini rasmi ya Kiingereza pekee. Tafsiri yoyote ya Kiswahili itakuwa ya kuelekeza tu, na kwa hiyo uzito wote utakuwa juu ya istilahi zilizomo. Ingefaa Baraza liitishe kikao cha istilahi hizi pamoja na wale wanaofanya kazi yenyewe, wakiwamo wa Chuo cha Ufundi na wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, badala ya kuwapelekea orodha iliyokwisha kuchapwa.

Kikao hicho kitakuwa na neno moja gumu kutoka katika mradi wa Arusha. Taasisi inaporithi maelekezo ya wenzake, kisha ikaweka lake mahali pa moja lililorithiwa, tendo hilo tuliiteje? Kutangua ni la mahakama, na linafuta kwa wote, wakati elekezo la awali linabaki hai kwa taasisi nyingine. Kubatilisha lina kasoro ile ile. Wacheza karata husema kupiku: karata ya juu huishinda ya chini katika mkono ule, na ile ya chini haiharibiki, itachezwa tena. Wapo watakaosema kwamba neno la karata halifai katika waraka wa serikali. Turufu nayo ni neno la karata, na viongozi wetu hulitumia majukwaani bila ya kuulizwa.