Kitelezi cha Brightness kinatuharibia picha

Nina picha ya mahafali ambayo mama yangu hapendi kuiona. Tulipiga saa saba mchana, jua la utosi, yeye kavaa gauni jeupe lenye darizi, mimi na joho jeusi. Nyuso zikatoka gizani. Aliyetusafishia akavuta kitelezi cha Brightness mpaka tukaonekana, akachapa. Uso wa mama unaonekana, sawa, ila gauni limekuwa bonge la weupe, darizi zimeyeyuka, na joho langu limepauka kama limefuliwa miaka kumi.

Simlaumu sana. Ndivyo video fupi za mafunzo zinavyofundisha: picha ina giza? Ongeza mwangaza. Ushauri huu ni mbovu, na ubovu wenyewe unaonekana kwa hesabu ya shule ya msingi.

Kwenye JPEG ya kawaida, kila pikseli ina namba kati ya 0 na 255 kwa kila rangi. Tuseme shavu la mama ni 60, joho 5, gauni 230 na darizi yake 220. Kitelezi cha kizamani kinajumlisha tu. Ongeza 40: shavu linakuwa 100, vizuri. Joho 45, tayari kijivu. Gauni linakuwa 270, namba ambayo haipo, basi inakatwa kuwa 255. Darizi ingekuwa 260, nayo inakatwa hapohapo. Yaani kitambaa na darizi sasa ni namba moja, na ukishahifadhi hakuna programu itakayovitenganisha. (Tuwe wa haki: Photoshop iliacha kujumlisha namna hii tangu toleo la CS3 la mwaka 2007. Programu nyingine zinaendelea.)

Sasa jaribu gamma. Gawanya namba kwa 255, ipandishe kwa kipeo cha 1/gamma, kisha zidisha tena kwa 255. Kwa gamma ya 1.5 shavu linatoka 60 hadi 97, karibu kabisa na lile la mwanzo. Joho linaishia 19. Gauni 238, darizi 231: bado zinatofautiana. Sifuri inabaki sifuri na 255 inabaki 255, maana 0 na 1 hazibadiliki ukizipandisha kwa kipeo chochote kilicho chanya. Msukumo wote unaangukia katikati, na ngozi zetu nyingi kwenye picha ziko humo, au chini yake kidogo. Kwenye GIMP ni kile kipembetatu cha katikati ndani ya Levels.

Ila mashabiki wa gamma nao wanatia chumvi. Wanasema "inarudisha" kilichopotea. Hairudishi kitu! Namba 0, 1 na 2 za kwenye giza zinakuwa 0, 6 na 10. Katikati yake hamna kitu, kwa hiyo vivuli vinaingia michirizi na chenga zilizokuwa zimejificha zinajitokeza. Na kama gauni lilishaungua ndani ya kamera, limeungua.

Halafu jina lenyewe linachanganya watu. Gamma ya 2.2 ya skrini si hii ya kurekebishia picha. Hata hii ya kurekebishia haina mwelekeo mmoja: kwenye GIMP ukizidi 1 picha inang'aa, kwenye maktaba ya Python ya scikit-image ukizidi 1 inafifia. Somo lisilotaja jambo hili linampoteza mwanafunzi, naye atadhani amekosea yeye.

Faili ya mwanzo bado ninayo. Wiki hii nimeifungua upya na kuweka 1.5. Darizi zipo zote. Chini ya kidevu cha mama kuna chenga kidogo, nimeziacha.