Picha Thelathini na Sita

Fundi hafungui simu kabla ya kufungua daftari. Nimemtazama asubuhi nyingi katika kibanda chake Biryogo, Kigali, hatua chache kutoka barabara zile zilizofungiwa magari na kupakwa rangi. Huvaa miwani, hupuliza vumbi mezani, hutoa daftari lenye jalada gumu na kutafuta mstari alioishia jana. Kisha huchomoa bahasha moja kwenye boksi la viatu. Ndani yake mna utepe wa filamu, picha sita zimefuatana, naye huuinua dirishani na kuutazama kwa muda ambao mimi ningekuwa nimekwisha kupitisha picha mia kwa kidole gumba.

"Huyu alikuwa anaoa," akaniambia juzi. "Mvua ilinyesha mpaka shehe akachelewa."

Picha hiyo akaipitisha kwenye skana, akaandika daftarini mwaka, mtaa, majina mawili, na ile mvua. Baada ya hapo ndipo alipochukua simu.

Watu humwita Fundi tu, naye amepita miaka sabini. Alianza kazi enzi za chumba cha giza, akaziona kamera za dijitali zikija, akaiona simu ikimnyang'anya wateja mmoja mmoja. Mtu wa rika lake angestahili kununa. Yeye akajifunza mitandao mitatu, na kila mmoja akaupa kazi yake. Facebook ameifanya baraza la wazee: huweka picha na kuuliza, "Nani anamjua huyu?", na majibu humjia kutoka Bujumbura, Goma, Brussels, hata Maskati. Instagram ni ya wajukuu: picha, mwaka, mahali, basi. Stetasi ya WhatsApp, inayofutika baada ya saa 24, ni kama tangazo la msikitini, aliyekuwepo kasikia. Majibu ya maana huyanakili daftarini kwa mkono. Na kabla ya kurusha picha yoyote, kama mwenye sura yu hai au ana mtoto anayefahamika, Fundi hupiga simu kuomba ruhusa. Akikataliwa, bahasha hurudi boksini, na daftarini huandikwa neno moja: "Hataki."

Hurusha picha moja kwa siku. Nilimuuliza kwa nini moja, na maboksi yake yamekaribia dari.

"Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, mwanangu. Harusi nzima, thelathini na sita. Unampiga bwana harusi akiingia, unawapiga wazee kabla hawajachoka, bibi harusi, kina mama jikoni maana wao ndio watakaolipa. Tatu za mwisho niliwanyima watu. Wanakuja, 'Fundi tupige,' nawaambia imekwisha. Nilizingojea."

"Ulingojea nini?"

"Ningejua, nisingengojea."

Jibu hilo nimetembea nalo tangu siku hiyo. Tunafikiri ustadi wa mpiga picha uko kwenye kidole kinachobonyeza. Fundi anasema ulikuwa kwenye kidole kinachojizuia. Mwaka 2000, kule Gisenyi, Mmarekani David Jiranek aliwagawia watoto wa kituo cha yatima cha Imbabazi kamera za kutumia mara moja na kutupa, wapige maisha yao wenyewe. Kamera ya namna hiyo ina picha zake chache, zikiisha imekwisha. Watoto wale walipiga nyuso za wenzao, mambo ya kila siku tu, na picha zao zikaja kuonyeshwa mbali na Rwanda. Nami sishangai. Aliyepewa kidogo huangalia kabla ya kula.

Sisi Waswahili tulisema picha *husafishwa*. Umepiga Jumamosi, unaambiwa njoo Jumatano, picha ziko kwenye kusafishwa. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba sura yangu imo ndani ya ile karatasi tayari, imefunikwa na uchafu wa giza, na kazi ya Fundi ni kuiosha mpaka itokee. Leo neno letu ni *kurusha*. Tunarusha picha mtandaoni. Kinachorushwa ni jiwe, ni mpira, ni mchanga; kikishatoka mkononi, mrushaji hana habari nacho tena. Lugha ilikwisha kutuambia tunachokifanya, nasi tukaendelea kufanya.

Nyumbani kwetu Nyamirambo kulikuwa na kabati la vioo, na ndani yake, chini ya vikombe visivyotumika, albamu mbili. Mgeni akija hakuachwa akodolee ukuta. Aliletewa soda, kisha akawekewa albamu mapajani, naye mama, mikono bado ina maji ya jikoni, akaketi pembeni yake. Kurasa zilikuwa na karatasi ya nailoni iliyokwishageuka manjano, ukiibandua inalia. Mama hakuacha mgeni afungue peke yake. Kila picha ilikuwa na maneno yake, na maneno yaliyojirudia kwa miaka hayakubadilika hata moja, mpaka sisi watoto tukawa tunayasema kimoyomoyo kabla yake. Kulikuwa na ukurasa mmoja wenye picha iliyokatwa nusu kwa mkasi. Bega la mwanamke limebaki, mwenyewe hayupo. Hapo mama aliharakisha. Ni mke wa kwanza wa mjomba, tulikuja kujua tukiwa wakubwa. Hata lile alilolinyamazia lilikuwa na mahali pake maalumu, kati ya ubatizo wa jirani na safari ya Butare.

Picha niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mama mwenyewe, msichana, amesimama na wenzake wawili mbele ya pazia la stodio lililochorwa mnazi. Kigali na mnazi! Ukiibandua na kuigeuza, nyuma kuna mwandiko wa kalamu ya risasi, herufi zimelala kulia: "Biryogo, Idi 1979. Wa katikati ni mimi. Kitambaa hiki ni bluu, alinipa shangazi." Picha ni nyeusi na nyeupe. Bluu ile haimo mbele kabisa, wala hakuna mashine ya kuitoa humo. Imo nyuma, katika mwandiko wa binti aliyejua kwamba ipo siku mtu atatazama asione rangi. Naitazama na kujiuliza ni nani aliyemfundisha jambo hilo, nami, mwenye simu ya kupiga rangi milioni, sijawahi kuandika nyuma ya kitu chochote.

Pwani wanayo majina ya kutaja. Unguja kuna Capital Art Studio, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Mombasa kulikuwa na Parekh, aliyewapiga watu wa mji ule wakiwa wamevaa walivyotaka kukumbukwa. Kwetu, katika mji huu uliopewa mwaka 1907 kuwa wa kuzaliwa kwake, na katika mtaa huu wa Waswahili wenye msikiti wa tangu 1913, mafundi walipiga mhuri wa wino nyuma ya picha, na wino ukafifia. Zimebaki picha, wapigaji wamepotea.

Nenda Gisozi uone thamani yao. Katika Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari iliyofunguliwa mwaka 2004, palipozikwa watu zaidi ya 250,000, kuna chumba kilichojaa picha za familia, zilizoletwa na ndugu. Hakuna hata moja iliyopigwa kwa ajili ya makumbusho. Ni watu waliokwenda kupigwa picha kwa sababu ya harusi, ya sikukuu, ya nguo mpya, ya kijana kumaliza shule. Fundi fulani asiyejulikana aliwaambia wainue kidevu. Wengine hawana kaburi lenye jina, wana kile kidevu kilichoinuliwa. Na huenda ni mikono hiyohiyo iliyopiga zile picha ndogo za kitambulisho, kadi iliyoandikwa kabila tangu enzi za Wabelgiji, ambayo mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani ilimtenga wa kupita na wa kufa. Ufundi huu si wa mchezo. Fundi hazungumzi sana juu ya hayo. Ninachojua ni kwamba ana maboksi mawili yasiyofunguliwa mwezi wa Aprili.

Kwa hiyo nisidanganye kwamba namsifu yeye na kuwalaumu vijana. Mkosaji ninamjua vizuri. Jioni moja nilikaa nikahesabu mitandao ambamo nimewahi kuyaweka maisha yangu: tangu hi5, tulipokuwa tukilipia dakika kwenye mkahawa wa intaneti, mpaka leo, ilitimia minane. Chakula kimoja, mtoto mwingine, safari huku, msiba kule. Nimekuwa kama mtu aliyehama nyumba nane na katika kila nyumba akaacha sanduku.

Na nyumba zenyewe hubomolewa. GeoCities, walikojenga kurasa zao watu wa mwanzo wa intaneti, ilifungwa mwaka 2009. Google+ ilizimwa Aprili 2019 na picha zilizomo zikafutwa. Mwaka huohuo MySpace ikakiri kwamba nyimbo na picha zilizopakiwa miaka yake ya kwanza zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Flickr nayo ikaweka kikomo cha picha elfu moja kwa asiyelipa. Wenye mali walitoa tangazo, kama dalali anavyobandika karatasi mlangoni. Sisi tulikuwa wapangaji, na mpangaji hasahau kulipa kodi tu. Husahau pia kwamba nyumba si yake.

Nyumba yangu haikuhitaji hata kubomolewa. Idi ya mwisho ya marehemu baba nilipiga picha nikazirusha kwenye mtandao mmojawapo, nikaona nimeshatunza, nikazifuta simuni kupata nafasi. Baadaye laini niliyojiandikishia ikafa kwa kutotumika, namba akapewa mtu mwingine. Nikitaka kuingia leo, naambiwa nambari ya siri imetumwa kwa namba ile. Baba yumo humo, kanzu mpya, kikombe cha chai mkononi, nami nimefungiwa nje. Watu sitini na wawili walibonyeza kuipenda picha ile, nakumbuka idadi. Sikumbuki kanzu ilikuwa na mstari shingoni au haikuwa nao.

Nilipomsimulia Fundi hakunipa pole. Alisema, "Nionyeshe ulizobakiwa nazo." Nikatoa simu. Picha zilikuwa elfu kumi na nne na ushei, lakini nilipogusa ya kwanza ikaonekana ukungu tu, kiduara kinazunguka. Nyingi ziko huko juu, nikamweleza, zinataka intaneti, nami bando limekwisha.

Fundi akacheka mpaka akavua miwani. "Bando limekwisha! Si walishakuambia? *Akabando k'iminsi gacibwa kare, kakabikwa kure.*"

Ni methali ya Kinyarwanda: mkongojo wa siku za uzee hukatwa mapema ukahifadhiwa mbali. Wanyarwanda waliitunga kabla ya intaneti, lakini siku ile ilikuwa imetungiwa mimi.

Akanipa kazi. Niende nikachague picha thelathini na sita katika maisha yangu yote, yeye atazisafisha, maana bado anatumia neno hilo ingawa sasa ni mashine tu inayotema karatasi. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua siku tano. Nilikuta picha arobaini za sahani moja ya samaki wa Kivu. Nilikuta kucheka kwa binti yangu mara mia mbili, zote zinafanana, na sikuweza kusema ipi ni siku ile alipotembea mara ya kwanza. Nilikuta watu wamenikumbatia ambao siwajui majina. Nilifuta, nikarudisha, nikafuta. Nilipofika hamsini niligundua kwamba sijafanya jambo gumu kama hili kwa miaka: kuyatazama maisha yangu na kusema hili ndilo, lile hapana.

Ijumaa nilimpelekea. Akazitandaza mezani kama karata, akafungua daftari, akaanza kuuliza. Nani? Wapi? Lini? Picha nilizojibu akaziweka kulia. Nisizojibu akaziweka kushoto, bila neno. Tulipomaliza, kushoto kulikuwa na kumi na moja.

"Hizi sizisafishi," akasema. "Hazina mtu."

"Mbona watu wanaonekana, Fundi?"

"Wanaonekana. Hawana jina. Baada yako ni picha za nani?"

Zile ishirini na tano ninazo, kwenye albamu ya bei nafuu niliyoinunua Nyabugogo, chini ya vikombe visivyotumika. Fundi amezeeka, mikono inaanza kumtetemeka anapouinua utepe dirishani, na hakuna kijana aliyekuja kujifunza. Kibanda cha pili yake, kilichokuwa stodio, sasa kinauza makava ya simu.

Msomaji, rusha picha zako, sikukatazi. Fundi mwenyewe anarusha. Lakini leo jioni chagua moja. Ipeleke ikasafishwe wakati mafundi bado wapo, kisha igeuze, uandike nyuma kwa mkono wako nani, wapi, lini, na kitambaa kilikuwa cha rangi gani.