Heshima Yenye Herufi 27

Katika semina yangu ya kwanza ya shahada ya uzamili nilikaa saa mbili bila kufungua mdomo. Wenzangu walirushiana maneno marefu ya Kiingereza, nami nikawa naitikia kwa kichwa huku naandika. Niliporudi chumbani nilikuta nimejaza ukurasa mzima wa maneno nisiyoyajua, bila hata sentensi moja. Tangu siku hiyo nikaanza kuyakusanya maneno marefu, kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo.

Mawili kati yake nimeshindwa kuyatenganisha. La kwanza ni honorificabilitudinitatibus, lenye herufi 27. La pili ni floccinaucinihilipilification, lenye herufi 29. Yaweke sambamba, msomaji, utaona ni ndugu. Yote mawili hayana herufi e, ambayo Kiingereza huitumia kuliko nyingine zote. Badala yake yamejaa i: saba katika la kwanza, tisa katika la pili. Yote mawili yametokana na Kilatini. Lakini kwa maana yamepeana mgongo. La kwanza linahusu hali ya kustahili heshima. La pili ni tendo la kukiona kitu kuwa hakina thamani.

Nianze na hili la pili. Limeungwa kwa maneno manne ambayo wanafunzi wa Kilatini waliyakariri pamoja, yote yakieleza kitu cha bure: kishungi cha sufu, kitu duni, si kitu, unywele. Mshairi William Shenstone alilitumia katika barua ya mwaka 1741. Ni mzaha wa watu waliosoma: wamesema "bure" mara nne, kisha wakaivalisha joho. Sisi tuna kudharau, silabi nne tu, na anayedharauliwa huelewa mara moja.

Hilo la kwanza lina sifa inayowashangaza Waingereza: konsonanti na irabu zinapokezana ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kwetu hilo si ajabu. Hatutawafukuza hufanya vivyo hivyo, na hakuna anayeligeuza kuwa fumbo. Lisome kwa silabi, ho-no-ri-fi-ca-bi-li-tu-di-ni-ta-ti-bus, utaona ni ile s ya mwisho tu inayokataa kuwa Kiswahili. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu maktaba. Neno lililonitisha kwa wiki nzima lilikuwa linatembea kwa mwendo wa nyumbani.

Shakespeare hakulibuni. Dante alikwisha kulitaja karne nyingi kabla yake, akitoa mfano wa neno refu kupita mstari wa shairi. Shakespeare alilitumia mara moja tu, katika Love's Labour's Lost, iliyochapishwa mwaka 1598. Mwalimu Holofernes na kasisi Nathaniel wanatambiana kwa Kilatini, na Armado, Mhispania mwenye majivuno, anajiunga nao. Lakini hakuna hata mmoja wao anayelitamka. Analitamka Costard, mtu wa shamba, akimtania kijana mtumishi Moth kwamba ni ajabu bwana wake hajammeza kama neno, maana yeye ni mfupi kuliko hilo. Neno la heshima limewekwa katika kinywa cha asiyeheshimiwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo lilipopata kazi ya maana.

Wapo walioshindwa kuuvumilia utani huo. Mwaka 1910 Edwin Durning-Lawrence alichapisha kitabu akidai kwamba ukizipanga upya herufi za neno hili, unapata sentensi ya Kilatini inayosema tamthilia hizi ni za Francis Bacon. Shakespeare alikuwa mwana wa mshona glavu na hakusoma chuo kikuu, na kwa wengi waliomtilia shaka hilo lilikuwa kosa lenyewe. Tazama basi: herufi za neno la kwanza zimetumika kutenda neno la pili. Mtu amevunjiwa heshima kwa herufi za heshima.

Ningependa kumcheka Durning-Lawrence, lakini siwezi. Mwaka jana Bibi alinipigia simu akaniuliza, "Mjukuu wangu, huko unasoma nini hasa?" Nikamjibu kwa maneno ya semina, marefu, moja baada ya jingine. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, baba," kisha akaanza kunieleza habari za mahindi. Nilikata simu nikijihesabu msomi, na ukimya wake nikauhesabu ujinga. Nilikuwa nalitafuta neno la kwanza, nami nikamtendea yeye la pili.

Niliposoma onyesho lile kwa mara ya tatu, ndipo nilipomwona konstebo Dull. Amesimama hapo muda wote bila kusema kitu. Mwishoni Holofernes anamwambia kwamba hajatamka neno, naye anajibu kwamba wala hajaelewa hata moja. Jibu hilo mimi sikuwa na ujasiri wa kulitoa katika semina yangu. Wahakiki hupenda kusimama kwa Costard, kwa sababu ana mzaha. Mimi nasimama kwa Dull, kwa sababu kati ya wote waliopo ndiye pekee asiyejifanya.

Juzi nilimpigia Bibi nikamsimulia onyesho zima kwa Kiswahili, mwalimu, kasisi, mtu wa shamba na konstebo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo aliyesema hakuelewa," akauliza, "walimweleza?"

"Hapana, Bibi. Walikuwa wanaandaa mchezo, naye akasema atacheza, au atawapigia ngoma."

Akacheka sana. Kisha akasema, "Sasa niambie na wewe, unasoma nini?"