Mti wa Kijiji Uamuliwe na Kijiji

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikataa viongozi na wataalamu wachache kuwaamulia wananchi mipango yao. Mwaka uliofuata, Serikali za Mitaa zilivunjwa kwa jina la Madaraka Mikoani, na wananchi wakabaki kupokea maagizo ya watendaji. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982. Sheria ya Misitu ya 2002 ikakipa kijiji uwezo wa kutenga na kusimamia msitu wake.

Je, kasumba ya amri imekwisha? Tuitazame Wampembe, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Mvuvi anahitaji mbao za mtumbwi na kuni za kukaushia migebuka; mkulima anahitaji shamba. Amri ya "usikate" isiyosema kuni zitoke wapi inamfundisha mwananchi kukata usiku. Huko juu, kwenye uwanda wa Ufipa wenye miti michache, wakulima walirutubisha udongo kwa matuta yaliyofukiwa majani, bila agizo la ofisi yoyote. Hao ndio tunaowaita wasiojua?

Tunasema wazi: sheria ndogo ambayo Mkutano Mkuu wa Kijiji haukuijadili ni amri tu. Makada hatuna budi kuitisha mkutano, kusikiliza kwanza, ndipo tuseme.