Rangi ya Taiti na Jicho la Mwalimu

Mwalimu wa baleti akisimama mbele ya watoto wa miaka saba, macho yake huanzia nyongani, hushuka gotini, kisha huishia vidoleni. Baleti hutaka mguu ugeukie nje kutokea kwenye kiungo cha nyonga, na mtoto anapokunja magoti, kila goti lielekee kule vilikoelekea vidole. Nyonga ikishindwa kugeuka, mtoto hulazimisha unyayo ugeuke peke yake, goti likabaki linatazama mbele na kupindishwa. Ni kosa dogo kwa macho. Chini ya suruali pana halionekani kabisa, mpaka goti lianze kuuma.

Ndiyo maana vazi la mazoezi hubana mwili. Huko Paris, katika karne ya 18, Marie Camargo alifupisha sketi yake ili watazamaji waone kazi ya miguu yake, na leotadi na taiti za leo zinaendeleza nia hiyohiyo. Shule nyingi huruhusu kisketi chepesi, lakini kikifunika nyonga na mapaja, mwalimu hubaki akibahatisha.

Viatu huwatatiza wazazi zaidi. Aliyezoea kumnunulia mwanawe kiatu cha shule kikubwa kidogo ili akue nacho, akifanya hivyo kwa baleti anaharibu somo. Kiatu laini cha baleti huvaliwa kama soksi. Kikizidi, kitambaa hukunjamana mbele, na mwalimu hajui kama vidole vimenyooka au vimejikunja ndani. Kwa anayeanza, walimu wengi hupendelea soli nzima kuliko ile iliyogawanywa sehemu mbili, kwa kuwa unyayo hulazimika kushindana nayo na hivyo kupata nguvu. Huko Kibera, Nairobi, ambako Mike Wamaya alifundisha baleti chini ya shirika la Anno's Africa, watoto wengi walicheza pekupeku ndani ya darasa la kawaida lililoondolewa madawati. Kiatu ni kizuri, lakini unyayo mtupu hauna cha kuficha.

Nywele nazo zina sababu. Mchezaji anapozunguka, kichwa hubaki kikitazama sehemu moja hadi dakika ya mwisho, kisha hugeuka kwa kasi na kurudi palepale. Mkia wa nywele unaoning'inia humchapa usoni na kumvurugia mizani. Ukifungwa fundo dogo kisogoni, ukashikwa kwa pini na neti, shingo yote huonekana. Twende kilioni iliyokusanywa nyuma hutimiza kazi hiyo barabara, bila mtoto kunyooshwa nywele kwa dawa. Shule inayokataa misuko safi ya namna hiyo haina hoja ya kiufundi. Hereni na kucha ndefu ni suala la usalama tu.

Lakini kanuni iliyopingwa kwa haki kuliko zote ni taiti za waridi. Waridi ile hafifu ilichaguliwa kwa kuwa inakaribia ngozi ya Wazungu: mguu na kiatu vionekane kitu kimoja, mstari usiokatika kutoka nyongani hadi kwenye ncha ya kidole. Mvalishe mtoto mweusi taiti hizohizo, mstari unakatika kiunoni. Juu kahawia, chini waridi.

Arthur Mitchell, Mmarekani mweusi aliyejiunga na New York City Ballet mwaka 1955, alianzisha Dance Theatre of Harlem mwaka 1969 pamoja na Karel Shook. Katika miaka ya 1970 wachezaji wa kundi hilo waliacha waridi, kila mmoja akavaa taiti na viatu vinavyolingana na ngozi yake. Hawakuwa wameivunja kanuni. Waliitii kwa uaminifu kuliko walioitunga.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Taiti zilichovywa rangi. Kiatu cha kusimamia ncha za vidole hakichovyeki: sehemu yake ya mbele ni tabaka za kitambaa zilizokazwa kwa gundi, na unyevu huzilegeza. Hivyo satini ilipakwa fondesheni ya usoni, kidogokidogo kwa sifongo, pamoja na tepe zake. Na kwa kuwa viatu hivyo huchakaa upesi, kazi hiyo haikuisha. Ilikuwa gharama na muda ambao mchezaji mweupe hakudaiwa. Mwaka 2018 tu ndipo Freed of London, iliyoanza kutengeneza viatu mwaka 1929, ilipoleta viatu vya rangi mbili za kahawia, ikishirikiana na Ballet Black, kundi lililoanzishwa na Cassa Pancho mwaka 2001.

Kwa mzazi anayenunua taiti za kahawia leo, rangi isichaguliwe ikiwa bado kwenye pakiti. Kitambaa kikivutika hupauka, na ngozi ya chini huchanganyika nayo. Mkono uingizwe ndani, taiti zinyooshwe zibane, kisha zilinganishwe na shingo na mabega ya mtoto kwenye mwanga wa mchana.