Mwili ukisema, tusidai umekosa msamiati

Kuna dhana moja katika taaluma ya afya ya akili ambayo hunikera kama mpenzi wa lugha. Eti mjane anayelalamikia kifua na joto mwilini, badala ya huzuni, amekosa msamiati wa kutajia hisia zake!

Nimeikumbuka nikisoma upya *Scarred Minds* (1998), kitabu cha Daya Somasundaram kuhusu athari za vita kwa Watamil wa kaskazini mwa Sri Lanka. Mwandishi ni daktari wa akili aliyehudumu Jaffna vita vikirindima. Ubora wa kazi yake, kwangu, ni kwamba anayachukulia malalamiko ya mwili kuwa usemi kamili.

Chukua neno *perumoochu*. *Peru* ni kubwa, *moochu* ni pumzi. Sisi twasema kushusha pumzi, na hakuna anayedhani mshushaji ana pumu. Sasa mpe mjane huyo hojaji iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Pumzi yake itatiwa kwenye safu ya maumivu ya kifua, basi, imeisha hiyo.

Lakini neno "utamaduni" nalo lina hila zake. Watamil wana *oppari*, maombolezo ambayo wanawake huyaimba msibani. Mwimbaji humlilia marehemu na papo hapo akapenyeza machungu ya maisha yake mwenyewe. Ni rahisi mgeni kusema: hawa wana nyimbo zao, watapoa. Watapoaje bila matanga? Vita viliisha Mei 2009, na maelfu ya watu hawajulikani waliko hadi leo. Februari 2017 jamaa zao mjini Kilinochchi walianza kuketi kando ya barabara na picha za waliopotea, wakiitaka serikali iseme iliwapeleka wapi. Mama wa aina hiyo huenda halali usiku. Kama dawa ipo, apewe. Ila ile picha mkononi si dalili ya ugonjwa. Anauliza swali, na hakumuuliza daktari.

Somasundaram mwenyewe aliuhamisha uzito kutoka akili ya mtu mmoja hadi jamii nzima katika *Scarred Communities* (2014). Hapo naungana naye, ingawa hilo "kovu" katika anwani zote mbili bado linanitatiza. Kidonda huacha kovu kikishafunga.