Hongera kwa Wasomaji wa LibriVox

Wasomaji wa LibriVox hawalipwi hata senti, lakini tangu Hugh McGuire aanzishe mradi huo wa vitabu vya sauti Montreal, Kanada, mwaka 2005, wametusomea hadithi nyingi za kale za mizimu na vitisho, za akina Edgar Allan Poe na M. R. James, bure kwa yeyote. Kazi yenyewe si lelemama. Msomaji huchukua hadithi ambayo hakimiliki yake imekwisha Marekani, hujirekodi nyumbani, kisha mwenzake huisikiliza kusaka kelele na makosa.

Chukua "The Monkey's Paw" ya W. W. Jacobs, ya mwaka 1902. Usiku mlango unabishwa, mara ya kwanza taratibu mno. Mama anahangaika na komeo la juu asilolifikia. Baba anapapasa sakafuni akitafuta mkono uliokaushwa wa tumbili. Kitabuni ungeruka mistari uwahi mwisho. Hapa huna ujanja, unafuata mwendo wa msomaji. Aliye hodari hapayuki: hushusha sauti, akanyamaza kidogo, nywele zikakusimama.

Si wote mafundi, lakini wote wamejitolea. Wanastahili pongezi zetu.